Ati Ndama Ana Tabia Mbaya

Wafugaji wenzangu hapa Kilimanjaro husema ndama anayelamba ukuta na kunyonya kamba ana tabia mbaya. Tabia mbaya! Mmemtenga na mama yake tangu siku ya kwanza, mkamfunga peke yake kwenye kona ya giza, sakafu imelowa mkojo, maziwa huyagugumia ndooni yakaisha mara moja. Hamu ya kunyonya aipeleke wapi? Akikohoa mnalaumu baridi, wala si ile harufu inayotutoa machozi sisi wenyewe. Uingereza ilipiga marufuku vizimba vyembamba vya ndama mwaka 1990. Mimi nami nilimfunga wangu hivyo, akafa kwa kichomi. Basi msiniambie mbao ni ghali. Majani makavu ya mgomba, tunayoyakanyaga kila siku, yanauzwa bei gani?