Karani Naye ni Shahidi

Wako watu wasemao kwamba sinema ni upuuzi wa kupoteza fedha na wakati, wala haina neno la kumfaa mtu mzima mwenye shamba au kazi ya ofisi. Siwapingi sana, maana picha nyingi ni za kupigana na kufukuzana tu. Lakini mara moja moja hutokea picha ambayo mtu akiisha kuitazama hapati usingizi upesi, bali hujiuliza: "Kama ningekuwa mimi, ningefanyaje?" Juma hili nataka tuzungumze juu ya picha moja ya namna hiyo, kisha tuone yatuhusu vipi sisi tunaoshika jembe na kalamu.

Picha hiyo yaitwa Eye in the Sky. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2015, na aliyeiongoza ni Gavin Hood. Hadithi yake inatokea Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, ingawa picha yenyewe ilipigwa Afrika ya Kusini. Sharti niseme mapema kwamba Eastleigh ya sinema si ile tuijuayo. Huko kwenye picha mtaa umeshikwa na watu wenye bunduki wafanyao wapendavyo. Eastleigh yetu ni mahali pa maduka, na wengi waendao huko huenda kununua nguo na mazulia. Basi tuichukue hadithi kama hadithi, na tutafute maana yake.

Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza, mwanamke aitwaye Kanali Powell, yuko kwao Uingereza akitazama nyumba moja ya Eastleigh kwa macho ya ndege isiyo na rubani ndani yake. Kijana anayeiongoza ndege hiyo ameketi mbali sana, katika jimbo la Nevada huko Marekani. Wakubwa wa serikali wamekusanyika London. Wote wanaona kwamba ndani ya nyumba ile watu wawili wanavalishwa mabomu ili watoke wakaue watu. Kombora liko tayari. Mara anakuja mtoto wa kike, jina lake Alia, anaweka meza yake nje ya ukuta wa nyumba, anapanga mikate iliyookwa na mama yake, anaanza kuuza. Kombora likipigwa, huenda mtoto akafa. Lisipopigwa, wale wawili watatoka, na inahofiwa kwamba wataua watu hata 80.

Sisi wa Kenya hatuwezi kuliona jambo hili kuwa fumbo la kupimia akili za wanafunzi. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa katika maduka ya Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa vijana wanafunzi. Mama aliyempoteza mwanawe siku hiyo akisema, "Pigeni kombora," nani atathubutu kumlaumu? Na baba wa mtoto muuza mikate akisema, "Msimpige mwanangu, hakukosa neno," huyu naye nani atamlaumu? Watu wenye akili na moyo mwema wanaweza kutofautiana hapa, na wote wakabaki watu wema. Sitaki kuwaamulia.

Lakini ndani ya picha hiyo mna jambo jingine, dogo kwa kulitazama, ambalo halikuniacha. Kijana wa Nevada, alipomwona mtoto, alikataa kupiga kombora mpaka hesabu ya hatari ifanywe upya, maana kanuni za kazi yake zilimpa haki hiyo. Yuko sajini mmoja ambaye kazi yake ni kupiga hesabu hizo. Wakubwa hawataki kuidhinisha ikiwa hatari ya mtoto kufa haiko chini ya 50 kwa mia, na hesabu ya kwanza ya sajini ilikuwa juu kuliko hapo. Basi Kanali anasimama karibu naye, anamhimiza atafute mahali pengine pa kulenga katika nyumba ile, apige tena, atafute njia ya kuishusha. Mwisho inapatikana hesabu inayoanzia 45 na kupanda mpaka zaidi ya 60. Inayotangazwa ni ile 45 peke yake. London wanaridhika, Nevada wanatii, kombora linapigwa, na mtoto anakufa.

Tazameni jinsi mambo yalivyogawanyika. Kijana wa Nevada alikuwa mtu mwaminifu, lakini uaminifu wake ulishindwa na karatasi, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua 45 ile ilipatikanaje. Wakubwa wa London walikuwa na karatasi ya kujifunika. Sajini alikuwa na amri ya mkubwa wake. Kanali alikuwa na hesabu ya sajini. Kila mmoja alishika kipande kidogo cha jambo, na hapakuwa na aliyelishika lote. Wengi hubishana juu ya kombora. Mimi nimebaki na ile 45.

Sababu yake ni hii. Nilipokuwa kijana niliandikwa kazi ya karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha chama kimoja cha ushirika, ambacho sitakitaja. Mkuu wangu aliniagiza kwamba nusu kilo zote nisiziandike: ikiwa mizani yaonyesha kilo 17 na nusu, kitabuni niandike 17. Alisema kahawa hupungua maji, na mizani nayo ina makosa yake. Nikafanya hivyo. Siku moja mama mmoja mzee alileta kahawa yake, nami nikaandika kama nilivyozoea. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Akaniambia, "Mwanangu, mshale ulipita hapo. Nusu yangu umeipeleka wapi?" Nikamjibu kwamba ndiyo amri. Hakusema neno tena. Akakunja gunia lake akaenda zake.

Usiku ule nilijiambia kwamba nusu kilo haimwui mtu. Kisha nikapiga hesabu. Mkulima aletaye kahawa mara 40 katika msimu, akipunguzwa nusu kilo kila mara, hupoteza kilo 20. Wakulima 500 wakipunguzwa hivyo hupoteza kilo 10,000, yaani tani 10. Na kama mtu angekuja kuuliza habari za tani hizo, asingempata wa kumshika. Mkuu angesema hakugusa kitabu, nami ningesema sikutoa amri. Tulikuwa kama wale wa kwenye picha, ila sisi silaha yetu ilikuwa kalamu ya risasi.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya zamani. Mwaka 2024, katika majira ya kupanda, wakulima wa Kenya walinunua mbolea ya bei nafuu ya serikali kutoka katika maghala ya Bodi ya Nafaka, kisha ikajulikana kwamba baadhi ya magunia yalikuwa na kitu kisichofikia kipimo cha mbolea. Serikali iliahidi fidia, jambo likajadiliwa Bungeni, na watu kadhaa wakafikishwa mahakamani. Nani mwenye hatia si kazi yangu kusema. Hiyo ni kazi ya mahakama. Ninalosema ni kwamba gunia haliingii ghalani bila karatasi. Yuko aliyepokea, yuko aliyepima, na yuko aliyetia sahihi. Mkulima hawezi kuijua nguvu ya mbolea kwa kuitazama wala kwa kuishika mkononi. Husoma tarakimu zilizopigwa chapa juu ya gunia, akaziamini, akatoa fedha zake. Mahindi yakisimama manjano, fidia yaweza kumrudishia bei ya gunia, lakini mvua ya mwaka ule haitarudi.

Najua mtanijibu: "Bwana Mwandishi, maneno yako ni mazuri, lakini karani akimkatalia mkubwa wake, kesho watoto wake watafukuzwa shule kwa kukosa ada." Ni kweli, wala sitawadanganya kwamba msema kweli hulipwa shukrani. Mkumbukeni David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona jinsi kampuni ya Goldenberg ilivyokuwa ikilipwa fedha nyingi za umma kwa madai ya kuuza dhahabu na almasi katika nchi za nje. Kampuni ililipwa 35 kwa mia, hali sheria ilitaja 20. Munyakei akazitoa habari hizo zikafika Bungeni. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwamba ametoa siri za serikali. Kesi ikaachwa, lakini kazi yake hakuipata tena. Baadaye alisifiwa na kutunukiwa, lakini alikufa mwaka 2006 akiwa maskini. Hiyo ndiyo gharama, na mwenye kuwahubiria makarani asiifiche.

Kwa hiyo simwambii kila karani awe Munyakei, maana si kila mtu aweza kubeba mzigo ule. Lakini yako mambo madogo ambayo kila mmoja wetu aweza kuyafanya. La kwanza, andika kile ulichokiona kwenye mizani, na siku ile ile, kabla mtu hajaja kukueleza ulichopaswa kukiona. La pili, mkubwa akitaka tarakimu nyingine, mwombe kwa adabu aiandike yeye kwa mkono wake na kutia jina lake. Wengi huacha neno hilo mara waonapo kalamu imeelekezwa kwao. La tatu, hesabu ikiwa na shaka, iandike pamoja na shaka yake: kama ni kati ya 45 na zaidi ya 60, usiandike 45 ukanyamaza. Nanyi wakulima, simameni karibu na mizani, dai risiti, na msione haya kuuliza. Yule mama mzee hakusoma darasa hata moja, lakini alikuwa mkaguzi kuliko wakaguzi wote waliopita katika kiwanda kile.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nami naongeza kwamba kujikwaa kalamu ni kubaya zaidi, kwa sababu neno la ulimi husikiwa na waliopo tu, bali tarakimu ya kitabuni huaminiwa na watu walio mbali, ambao hawakuona mizani wala hawakumwona mtoto na mikate yake. Hao huamua mambo makubwa kwa kuiamini. Karani naye ni shahidi, ingawa hakuna aliyemwapisha.

Baada ya msimu ule niliiacha kazi ya mizani. Watu husema niliacha kwa ushujaa. Kweli ni kwamba nilikuwa nikiona haya kukutana na yule mama njiani. Nusu kilo zake sikumrudishia.