Elimu ya Askari Ipimwe, Isigawanywe Kama Zawadi



Mwalimu yeyote aliyefundisha kwetu mashariki anamfahamu mtoto afikaye shuleni katikati ya mwaka, amekimbia vita pamoja na wazazi wake, hana buletini. Mwalimu mwenye busara hamwingizi darasa la sita kwa kumhurumia, wala hamrudishi la kwanza kwa kuwa karatasi zimepotea. Humpa daftari na kalamu, humpima, kisha humketisha mahali anapostahili. Naomba tuitumie hekima hiyo kwa swali kubwa zaidi: askari aliyesoma katika shule ya jeshi, akiingia chuo kikuu, je, masomo yake ya zamani yahesabiwe?

Wamarekani wamelijibu swali hili mara mbili, na majibu yao yote mawili yanatufaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyuo vingi vya huko viliwapa askari waliorudi krediti za jumla kwa sababu tu walikuwa wametumikia taifa. Ilikuwa shukrani, nayo ilitoka moyoni. Lakini shukrani haimfundishi mtu hesabu. Aliyepewa krediti za somo asilolijua alijikuta katika somo la juu yake bila msingi.

Katika Vita Kuu ya Pili walibadili njia. Tangu 1945, baraza liitwalo American Council on Education limekuwa likiwatumia walimu wa vyuo kuzichunguza kozi za jeshi moja baada ya nyingine: yaliyofundishwa, muda uliotumika, namna wanafunzi walivyotahiniwa. Kisha baraza hupendekeza idadi ya krediti inayolingana na kozi hiyo. Jeshi la Anga, kwa upande wake, lilianzisha mwaka 1972 chuo chake, Community College of the Air Force, kinachotoa shahada ya ngazi ya kwanza kabisa ya vyuo vya huko.

Hata hivyo pendekezo si amri. Kwa kawaida kila chuo hujiamulia. Hapo ndipo askari wengi hujikwaa. Chuo huzipokea krediti zao, kikaziweka katika fungu la masomo ya hiari, zisiwapunguzie hata somo moja la lazima. Aliyewahudumia majeruhi kwa miaka mingi aweza kuanza masomo ya uuguzi kama mtu asiyejua kufunga kidonda. Huko ni kumkaribisha mgeni sebuleni na kumnyima kiti.

Nasi Wakongomani swali hili linatuhusu. Mfumo wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu krediti 60 kwa mwaka na 180 kwa lisansi. Krediti hupima kazi aliyoifanya mwanafunzi. Haiulizi kama aliifanya akiwa amevaa gwanda au shati. Ikiwa afisa aliyefundishwa Kananga alisoma somo lile lile, kwa kina kile kile, kwa nini alirudie lote, atumie miaka na fedha ambazo watoto wake wanazihitaji?

Najua jibu ambalo wengi watanipa kimoyomoyo. Tumeona, baada ya mapatano, watu wakitoka msituni na kupewa vyeo kama bei ya amani. Tunaogopa krediti nazo zisije zikagawanywa vivyo hivyo, na kesho tukatibiwa na mtu ambaye elimu yake ni nyota za begani. Hofu hiyo ina haki yake, nami ninayo. Lakini ukiutazama vizuri, woga huo unakataa upendeleo, haukatai kipimo. Kumfungia mlango aliyesoma kweli hakumzuii mdanganyifu, maana huyo ana njia zake nyingine.

Kwa hiyo nasema: walimu wa vyuo na walimu wa jeshi wakae pamoja, wazisome kozi hizo, waandike hadharani ipi inalingana na somo gani. Penye mashaka, mwombaji atahiniwe, tena na watahini wasiomwogopa. Akifaulu, krediti zake zihesabiwe katika masomo ya lazima ya shahada anayoitafuta. Akishindwa, asome kama wengine, hata akiwa jenerali. Cheo kisiongeze alama hata moja, na gwanda lisipunguze hata moja.

Tumezoea kumpigia saluti askari, au kumkimbia. Hatujazoea kumpa kalamu na kumwambia: keti hapa, tuonyeshe unachokijua. Mtoto asiye na buletini tunamtendea hivyo kila mwaka, na hakuna anayesema tumemdharau au tumempendelea.