Lifti Moja Inatosha

Kuna neno limezoeleka siku hizi kwenye video za wasafiri wanaotoka Japani: siri. Siri ya mlima usio na foleni. Siri ya theluji laini kama unga, ambayo hakuna mtu ameikanyaga. Ukiangalia vizuri, mlima wenyewe ni kituo kidogo cha skii kule mashambani: lifti moja ya viti, kibanda cha tikiti, mkahawa wenye hita katikati, na mzee anayekuinamia kila unapokalia kiti. Kijana wa video anapiga kelele kwa furaha, ati mlima mzima ni wake. Wacha nimuulize swali moja tu. Wenyewe walienda wapi?

Manze, mlima usio na foleni si siri. Mara nyingi ni mlima ambao watoto wake walihamia Tokyo.

Kituo cha skii cha kijiji si biashara iliyofeli, wala si hazina iliyofichwa ikimngoja mgeni aje aigundue. Ni mali ya umma, kama uwanja wa mpira wa mtaani kwenu. Anayekipima kwa faida pekee anakiua. Anayekisifu kwa sababu ni kitupu anashangilia mazishi.

Tuanze na theluji yenyewe, kwa sababu huko si pambo la picha. Upepo baridi unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani, unabeba unyevu, kisha unagonga milima ya Niigata, Nagano na Yamagata na kumwaga kila kitu. Kwenye vijiji vingi theluji inampita mtu urefu. Tangu 1962 kuna sheria ya maeneo ya theluji nzito, na maeneo hayo ni karibu nusu ya ardhi yote ya Japani. Mjini Nagaoka walianza mwaka 1961 kutandaza mabomba barabarani, yanayorusha maji ya chini ya ardhi ili theluji iyeyuke magari yapite. Kila mwaka kuna wazee wanaokufa kwa kuanguka kutoka kwenye paa za nyumba zao, sepetu mkononi, kwa sababu usipoiondoa theluji itakuvunjia nyumba.

Sasa fikiria maisha ya mkulima wa mpunga hapo. Shamba limefunikwa miezi minne. Afanye nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: wanaume walifunga mizigo wakaenda mijini kutafuta vibarua, kwenye mijengo na viwandani, mpaka theluji iyeyuke. Wajapani wana neno lake, dekasegi. Mama alibaki na watoto, wakwe na sepetu.

Skii ilikuwa imeshafika. Mwaka 1911 afisa wa jeshi la Austria, Theodor von Lerch, alianza kuwafundisha wanajeshi wa Takada, Niigata. Baada ya vita, vijiji vikaanza kujenga lifti, na mambo yakabadilika. Mkulima akawa mwendesha lifti. Mke wake akafungua vyumba viwili vitatu kwa wageni. Watoto wakafundishwa skii kama somo la michezo shuleni. Jioni, baba alikuwa mezani. Niambie, hiyo faida inaandikwa safu gani kwenye vitabu vya mhasibu?

Halafu pesa ya kichaa ikaingia. Treni ya kasi ya Joetsu ilifika Yuzawa mwaka 1982, mji uleule wa riwaya ya Kawabata Yasunari, *Yukiguni*. Mwaka 1987 ikatoka filamu ya mapenzi na skii, *Watashi o Ski ni Tsuretette*, na vijana wa Tokyo wakapagawa. Yuzawa ikaotesha majumba ya ghorofa yenye maelfu ya vyumba vya likizo. Katika miaka ya 1990 wanaoteleza thelujini nchini Japani walifika karibu milioni 18. Uchumi ulipopasuka, wakaanza kupotea. Leo hawafiki hata theluthi ya idadi hiyo. Baadhi ya vyumba vya Yuzawa vimewahi kuuzwa kwa yeni 100,000, bei ya simu.

Hapo ndipo lawama ilipokosea mlango. Waliokopa na kujenga kupita kiasi walikuwa wakubwa, lakini kila bajeti inapobana, anayeambiwa "unatuletea hasara" ni mlima mdogo wa halmashauri. Lifti inazeeka, kipuri ni ghali, watoto shuleni wamebaki wachache, na diwani anauliza kwa nini tulipie mchezo. Najua swali hilo si la kijinga. Mji wenye wazee wengi una haki ya kusafisha barabara ya kwenda hospitali kabla ya kutengeneza kiti cha lifti. Anayetetea milima hii bila kukubali hivyo anapiga stori za jaba.

Lakini angalia Yubari, Hokkaido, halafu tuongee. Mwaka 1960 mji huo wa makaa ya mawe ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Migodi ikafungwa, wa mwisho mwaka 1990. Mji ukakopa kujenga vivutio vya utalii, ukaficha madeni, na mwaka 2007 ukawekwa chini ya mpango wa serikali wa kulipa deni la yeni bilioni 35 hivi. Hata mlima wao wa skii, Mount Racey, ukauzwa kwa mwekezaji mwaka 2017. Huyo akauuza tena mwaka 2019. Kufikia mwisho wa 2020, kampuni iliyouendesha ilikuwa imefilisika na lifti zimesimama. Wengine husoma hadithi hii wakasema: unaona, skii iliwaua. Mimi naona waliuawa na ndoto ya ukubwa, na walipouza mlima wakabaki bila hata uamuzi wa lini mlango wake ufunguliwe.

Na pesa ikija kweli? Nenda Niseko. Wageni walimiminika, hoteli za kifahari zikaota, na bei ya ardhi mjini Kutchan, chini ya mlima huo, ikawa miongoni mwa zilizopanda haraka zaidi Japani. Kazi zipo, sikatai. Ila mfanyakazi wa kule anatafuta nyumba ya kupanga na haipati kwa mshahara wake. Kati ya kaburi la Yubari na mnada wa Niseko, mlima wa lifti moja ndio njia ya katikati, na ndiyo tunayoiita hasara.

Wakenya tunayo sababu ya kulielewa hili. Februari 1998, kwenye theluji ya Hakuba, Philip Boit alimaliza kilomita 10 za Olimpiki akiwa wa mwisho, wa 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alimsubiri kama dakika 20 kwenye mstari ili amkumbatie. Ukitumia hesabu ya diwani, dakika hizo 20 zilipotea bure. Lakini hakuna Mkenya anayeikumbuka siku hiyo kama hasara.

Kwa hivyo ukipata nafasi ya kwenda, nenda kwenye mlima mdogo. Lakini acha kutafuta upweke. Lipa tikiti kamili. Kodi viatu na skii palepale hata kama vimechakaa. Kula wali wa kari kwenye mkahawa, usibebe mkate wa dukani. Lala kwa mama mwenye vyumba vitatu. Ukimkuta mtoto wa darasa la pili anakupita kwa kasi huku wewe unaanguka, cheka naye. Kisha ukirudi nyumbani, usituambie umegundua siri. Tutajie jina la kijiji, bei ya tikiti, na saa ya basi la mwisho, ili na sisi twende tupange foleni.