Nakala Isiyokuwa na Asili

Katika masijala ya ofisi yoyote ya Serikali, hata ile ya wilaya yenye kabati moja na karani mmoja, iko desturi ambayo haihitaji shahada ya chuo kikuu. Karatasi ikiletwa mezani, karani huuliza imetoka wapi, imeletwa na nani, namba yake ya kumbukumbu ni ipi, na asili yake imo katika faili gani. Aletaye nakala ya nakala, kisha akasema kwamba asili yake ameichoma moto, hutazamwa usoni kwa muda, halafu huambiwa arudi kesho. Tunaitaja desturi hii kwa sababu mwaka 2004 shirika moja la televisheni miongoni mwa makubwa kabisa duniani, lenye fedha, mawakili na mitambo ya kila namna, lilikuwa na kila kitu isipokuwa karani wa masijala.

Shirika hilo ni CBS la Marekani. Usiku wa tarehe 8 Septemba, 2004, wakati Rais George W. Bush akigombea kipindi cha pili dhidi ya Seneta John Kerry, kipindi cha "60 Minutes" cha Jumatano kilionyesha karatasi zilizodaiwa kutoka katika faili la binafsi la Luteni Kanali Jerry Killian, aliyekuwa mkuu wa Bush katika kikosi cha anga cha jeshi la akiba la Texas. Karatasi hizo, zenye tarehe za 1972 na 1973, zilidai kwamba kijana Bush hakutii amri ya kwenda kupimwa na daktari, na kwamba wakubwa walimshurutisha kamanda wake aipambe taarifa ya utumishi wake. Aliyezisoma mbele ya taifa ni Bwana Dan Rather, aliyekikalia kiti cha taarifa ya habari ya CBS tangu 1981. Kamanda Killian hakuweza kuulizwa. Alikuwa amefariki tangu mwaka 1984.

Usiku huo haujesha, watu walianza kuzitilia shaka herufi zenyewe. Mashine za chapa za ofisi nyingi za mwaka 1972 ziliipa kila herufi nafasi sawa, "i" ikakaa pana kama "m". Karatasi za CBS ziliipa kila herufi nafasi inayoistahili, na baada ya tarakimu zikapandisha herufi ndogo juu ya mstari, kama ifanyavyo kompyuta bila ya kuombwa. Watu wakayapiga maneno yale yale katika kompyuta zao za nyumbani, na mistari ikakatika pale pale. Walikuwako waliojibu kwamba mashine za ghali zenye uwezo huo zilikuwako zamani. Ni kweli zilikuwako, ila ilibaki kuelezwa mashine kama hiyo ilifuata nini katika ofisi ya kikosi cha akiba, kwa kazi ya kuandika manung'uniko ya siri.

Likatokea na jambo la kanali. Karatasi ya Agosti 1973 ilimtaja mkubwa mmoja, jina lake Staudt, kuwa ndiye anayeshurutisha mambo kikosini. Bwana huyo alikuwa amestaafu tangu mwaka 1972. Sisi pia tunawajua wastaafu wasiokubali kwamba wamestaafu, lakini hao wetu aghalabu hujulikana mtaa mzima.

Kwa siku kumi na mbili shirika lilishikilia kwamba karatasi ni sahihi na kwamba wataalamu wamezithibitisha. Baadaye ikadhihirika kwamba mtaalamu waliyemtegemea zaidi aliitazama sahihi tu, na kwamba wako wengine waliokuwa wametoa tahadhari kabla ya kipindi kurushwa hewani. Ndipo akatafutwa bibi mmoja wa miaka 86 aliyekuwa karani wa Killian. Akasema, bila ya kupepesa, kwamba karatasi zile hakuzipiga yeye, ingawa yaliyomo yanafanana na aliyokuwa akiyafikiri mkubwa wake. Gazeti la New York Times likaipa habari hiyo kichwa chenye maana kwamba nyaraka ni za bandia lakini ni za kweli. Tungependa sana kumwona mtu akienda mahakamani kudai shamba la mikarafuu kwa hati bandia iliyo ya kweli, tukasikie hakimu atamwambia nini.

Tarehe 20 Septemba shirika likakiri kwamba haliwezi kuthibitisha uhalali wa karatasi zake, na Bwana Rather akaomba radhi. Aliyezileta alikuwa afisa mstaafu wa jeshi lile lile la akiba la Texas. Kwanza alisema amezipata kwa mwenzake wa jeshini, halafu akageuka akasema amezipata kwa njia ya mwanamke mmoja, na kwamba asili amezichoma baada ya kuzitolea nakala. Tume iliyoongozwa na Dick Thornburgh, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, na Louis Boccardi, aliyekuwa mkuu wa shirika la Associated Press, ilitoa taarifa ya kurasa 224 tarehe 10 Januari, 2005. Haikutamka kwa yakini kwamba karatasi ni za kughushi, wala haikuona kwamba ni chuki ya kisiasa iliyowasukuma waandishi. Iliona pupa ya kutangulia wenzao. Mtayarishaji wa kipindi akafukuzwa, na wakubwa watatu wakatakiwa wajiuzulu.

Hapa wengi huishia kucheka. Sisi twaona lililo kubwa halijasemwa. Tarehe ile ile ya 8 Septemba, 2004, gazeti la Boston Globe lilichapisha habari juu ya jambo lile lile, kwa kutumia kumbukumbu halali za jeshi, ikionyesha kwamba Bush hakutimiza wajibu aliojifunga nao. Hata kabla ya hapo kumbukumbu halali zilikuwa zimeonyesha kwamba mwaka 1972 alisimamishwa kurusha ndege kwa kutokwenda kupimwa. Ukweli ulikuwako, una namba na una mhuri, lakini haukuwa na utamu wa siri. Karatasi tamu ilipoanguka, iliiangukia ile yenye mhuri, na kuanzia siku hiyo kila aliyeuliza Bush alikuwa wapi mwaka 1972 alijibiwa kwa swali la herufi za kompyuta. Tarehe 2 Novemba Bush akashinda tena.

Wala watu wa serikali yake hawakuwa na haki ya kuicheka CBS kwa sauti kubwa. Mwaka 2003 Marekani iliwakabidhi wakaguzi wa nguvu za atomiki wa Umoja wa Mataifa nyaraka zilizodai kwamba Iraki inanunua urani kutoka Niger, nchi ya Kiafrika isiyokuwa na ugomvi na mtu. Tarehe 7 Machi Mohamed ElBaradei aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka hizo si za kweli. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri aliyeacha kazi tangu 1989. Naye ni mstaafu mwenye bidii. Katika televisheni, karatasi mbaya ziliwagharimu watu wanne kazi zao. Katika jambo hili la pili, siku kumi na tatu baadaye mabomu yalianza kuanguka Baghdad.

Tunawageukia ndugu zetu wenye madaraka, ambao huenda kisa cha CBS kinawafurahisha kupita kiasi. Wako wanaoamini kwamba mwananchi akiuliza habari ya kiwanja au ya dawa za hospitali, na karatasi yake ikawa na kosa la mhuri, basi na swali lake limekosa mhuri. Mwaka ule ule wa 2004 shirika la Associated Press lilikwenda mahakamani ndipo kumbukumbu zaidi za utumishi wa Bush zikatolewa. Laiti zingewekwa mezani zote tangu mwanzo, afisa yule mstaafu asingepata mnunuzi wa bidhaa yake. Anayeficha ufunguo wa masijala ndiye anayefungua biashara ya karatasi za vichochoroni, na hana haki ya kustaajabu zikianza kupitishwa chini ya mlango wake.

Bwana Rather aliondoka katika kiti chake tarehe 9 Machi, 2005. Mwaka 2007 aliishitaki CBS akidai dola milioni 70, na mwaka 2009 shauri likatupwa. Mwaka 2015 ikatoka filamu, Robert Redford akicheza nafasi yake. Mwanamke aliyesemekana kuzitoa karatasi zile hajaonekana mpaka leo.