Padre, Mungu Ananitaka Nini?
Vijana wengi huniletea swali hilo wakingoja ishara kubwa. Nami huwauliza: jana usiku ulisali nini? Wengi hunyamaza.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliwahimiza wenzake wachunguze dhamiri kila siku, si wakati wa kitubio tu. Unaitazama siku mbele ya Mungu, unashukuru, unaomba msamaha na neema ya kesho. Dakika 15 zatosha (tamthilia ya jioni huchukua zaidi!). Usiombe ada na kazi tu. Jiulize: leo nilipata amani wapi? Nilimpita nani akihitaji msaada? Ukidumu mwezi mzima, huenda sura ileile ikarudi: mgonjwa wa jumuiya yenu, au jirani mliyenuniana. Basi, mwendee huyo kwanza. Habari ya miito mikubwa tutaizungumza baadaye.