Helikopta ya Kuchezea Si Mchezo

Apitaye Buigiri, katika barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro, hakosi kuona watoto wakisukuma magari ya waya waliyoyaunda wenyewe, magurudumu yakiwa yamekatwa kutoka kandambili kuukuu. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Wazee hupita wakitabasamu, wakisema hiyo ni michezo ya watoto. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo kosa linapoanzia.

Helikopta ndogo inayoongozwa kwa mawimbi ya redio nayo ni kitu cha kuchezea. Lakini ilimchukua Mjerumani mmoja, Dieter Schlüter, miaka ya majaribio kabla ya kuifanya iruke na kutii, mwaka 1970. Ugumu wake ni wa kweli. Mapanga ya juu yakizunguka upande mmoja, kiwiliwili hutaka kuzunguka upande wa pili; ndiyo sababu ya kuwapo panga dogo la mkiani. Tena kila panga halina budi kubadili pembe yake katika kila mzunguko, ama sivyo chombo hakiwezi kwenda mbele wala kando. Anayeunda kitu hiki hujifunza fizikia ambayo ubao na chaki haviwezi kumpa.

Na kwetu Ugogo kuna swali la ziada. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja katika kumi, na joto la Oktoba huizidisha wepesi. Helikopta iliyopimwa pwani huinuka kwa shida hapa. Yataka mapanga marefu zaidi, au pembe kubwa zaidi, au mota yenye nguvu zaidi, na kila moja ya hizo hula betri. Kwa hiyo kijana wa Chamwino atakayebuni helikopta inayofaa uwanda huu hatakuwa ameiga mtu. Atakuwa amejibu swali ambalo kiwanda cha ng'ambo hakina haja ya kuliuliza.

Je, tunamsaidia? Mwaka 2018 anga ya Ziwa Victoria ilitumiwa kujaribu chombo cha kampuni za Kijerumani, kilichopeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilometa 60, kwa dakika 40. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Dawa ni dawa. Mwaka 2017 kampuni ya Kimarekani ya Zipline, iliyokwisha kuanza kazi Rwanda mwaka uliotangulia, ilitangaza kwamba kituo chake cha kwanza nchini kingefunguliwa Dodoma mapema mwaka 2018. Mwaka huo ulipita bila kituo kufunguliwa. Anayengoja cha mgeni hungoja pia ratiba ya mgeni.

Mwaka huo huo wa 2018 zilitoka kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani ndani yake, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kurusha chombo ni jambo la kuombewa kibali. Hilo ni haki kabisa, na wakazi wa Buigiri wanalielewa kuliko wengine, kwani Ikulu ya Chamwino ni jirani yao. Lakini kampuni kubwa ina mwanasheria wa kufuatilia kibali. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ana mwalimu wake tu, na mwalimu huyo, tuseme kweli, mara nyingi huona salama zaidi kumwambia aache.

Tunachoomba si kulegeza ulinzi. Tunaomba Halmashauri ya Chamwino, pamoja na Mamlaka na vyombo vya ulinzi, itenge uwanja mmoja ulio mbali na Ikulu na njia za ndege, wenye siku na saa zinazojulikana, ambapo kibali kimoja cha shule kitawatosha wanafunzi wote walio chini ya mwalimu wao. Karakana za SIDO mkoani ziwafungulie mlango siku za Jumamosi. Mashindano ya kitaifa ya ubunifu, yaliyoanza hapa Dodoma mwaka 2019, yakiwaalika, wapewe nafasi ya kurusha, si kuweka chombo mezani na kukieleza kwa maneno.

Afisa atakayepokea barua ya kwanza ya ombi la namna hii asiiweke chini ya rundo. Aijibu, hata kama jibu ni hapana, na aeleze sababu.