Ukihamia Vepu, Chupa Yake Ifungie Kama Dawa ya Shamba

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka, ukiamua kuacha sigara na kuhamia sigara ya kielektroniki, yaani vepu, ushauri wangu ni huu: hama kabisa. Madhara makubwa ya sigara yanatokana na moshi wa tumbaku inayoungua. Ukivuta vepu asubuhi na sigara jioni, moshi huo bado unaumeza. Na kama huvuti, usianze. Vepu nayo ina madhara yake na uraibu wake.

Jambo linalosahaulika ni ile chupa. Nikotini ni sumu, zamani ilitumika kuulia wadudu shambani, na hupenya kwenye ngozi. Waliovuna tumbaku mbichi yenye umande wanakijua kichefuchefu na kizunguzungu chake. Sasa sumu hiyo inauzwa ikinukia embe. Mtoto akiinywa, inaweza kumuua.

Basi ifungie kwa kufuli, kama unavyofungia dawa za shamba. Ikikumwagikia, nawa kwa sabuni papo hapo. Mwenye duka, usiipange karibu na pipi, wala usimuuzie mtoto. Na lengo libaki kuacha vyote viwili.